Mfereji Mkavu Haufungwi

Wacheni kumfundisha mtoto wa Ganjoni kufunga mfereji usiotoa maji. Hilo ndilo ombi langu, na kama uko kwenye matatu na karibu unashuka, chukua hilo uende nalo. Mwenye muda na abaki, nimweleze kwa nini nimekasirika.

Mpwa wangu yuko gredi ya 4. Juzi alikuja na kazi ya nyumbani yenye swali moja: ataje njia 5 za kuhifadhi maji. Alizijua zote. Funga mfereji unapopiga mswaki. Tumia kikombe. Oga kwa ndoo. Maji ya kufulia yamwagie maua. Ukiona mfereji unavuja, mwambie mtu mzima. Akaandika kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini kwa rula. Halafu akaniangalia, akauliza, "Lakini mjomba, wetu hutoa maji lini?"

Wanakaa orofa ya tatu. Mfereji wa jikoni hukohoa hewa kwa siku kadhaa, kisha usiku wa manane, bila taarifa, hutiririka kwa saa mbili tatu, na dada yangu huruka kitandani kama aliyeitwa msibani, ajaze kila chenye mdomo: ndoo, sufuria, mitungi, hata beseni la kuogea mtoto. Siku zikizidi bila maji, huja kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, akaipandisha kwa bei inayopanda pamoja na ngazi. Maji yaliyoogewa huoshea choo. Yaliyoosha mchele hunyweshea mche wa mrehani ulioko dirishani. Mtoto huyo hajawahi kuona maji yakichezewa tangu azaliwe, na shule imekaa naye muhula mzima kumwonya asichezee maji.

Nisieleweke vibaya. Israfu haikubaliki pwani hii tangu zamani. Mtoto anayekwenda madrasa huambiwa asimwage maji ovyo anapotia udhu hata akiwa kando ya mto unaopita, na bibi zetu walikuwa na kapu la sokoni lililoishi kuliko ndoa nyingi. Tabia njema sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba somo la mazingira tunalowapa watoto wa mji huu limegeuka kuwa somo la adabu. Lamfundisha mtoto kuwa msafi, mtiifu na mwepesi wa kujilaumu. Halimfundishi kuuliza maji yamekwama wapi, taka zapelekwa wapi, moshi ni wa nani, na ni ofisi gani inayolipwa kila mwezi kushughulikia hayo yote.

Tuanze na hayo maji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yetu matamu hutoka mbali: Chemchemi ya Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, na limesafiri zaidi ya kilomita 200 kufika pwani. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikazama ndani ya mawe ya volkano, ikachujwa humo, ikatokea Mzima safi kama kioo. Viboko wa watalii hupata yao, Voi hupata yao, na sisi tulio mwisho wa bomba hupata yaliyosalia.

Sasa hiyo si hadithi? Mtoto gani atasinzia akihadithiwa hivyo? Mtoto anayeijua safari hiyo ataelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini mti unaokatwa Chyulu wamhusu yeye aliye Ganjoni. Na ataanza kupiga hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika kaunti ya Mombasa. Bomba lililozikwa kabla nyanya yake hajaolewa litawatosha vipi? Hilo ni swali la hisabati, la jiografia na la uraia kwa mpigo mmoja. Lakini kwenye daftari halimo. Mna mswaki na kikombe.

Haya, tuje kwenye mvua. Masika yakipiga, Aprili na Mei, paa zote za kisiwa hiki hugeuka mito. Maji hushuka kutoka mabati na zege, yakachanganyika barabarani na yale ya mitaro iliyoziba, tukavua viatu kuvuka, tuktuk zikazimika. Na siku hiyo hiyo, kwenye mvua hiyo hiyo, kijana wa mkokoteni ampandishia dada yangu mtungi wa maji. Shule ina paa kubwa kuliko nyumba nyingi za mtaani. Ikitiwa mlizamu, au gata kama mwaliita hivyo, na tangi chini yake, mtoto atajifunza kuhifadhi maji kwa mkono, aone kwa macho lita zikipanda. Darasa zima hupelekwa Fort Jesus kila mwaka. Ndani ya ngome ile, iliyoanza kujengwa 1593, kuna birika la kukingia maji ya mvua. Watoto husimama kando yake wakapigwa picha, kisha hurudi shuleni ambako mvua yote yamwagika uwanjani, wakaandika insha juu ya umuhimu wa maji.

Na taka? Kanuni wanayofundishwa ni moja: tupa taka kwenye pipa. Sawa. Kisha? Pipa laenda wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Kibarani. Ukiingia kisiwani kwa njia ya Makupa, pua yako ilijua umefika Mombasa kabla macho hayajaona bahari. Jaa lile lilikaa ukingoni kabisa mwa maji, na bahari ikijaa ilijichukulia fungu lake. Mwaka 2018 kazi ya kulifunga ikaanza, udongo ukamwagwa juu, miti ikapandwa, na taka zikaelekezwa Mwakirunge, kule Kisauni. Sisi wa kisiwani tukashangilia, na ni haki yetu kushangilia, kwani ile ilikuwa aibu. Lakini taka hazikwisha. Zilihama. Mtoto wa Ganjoni anayetupa pakiti ya krisps kwenye pipa amempelekea mtoto wa Mwakirunge, na hakuna kitabu chochote kati ya alivyonavyo mpwa wangu kinachomjulisha kwamba mtoto huyo yupo.

Halafu kuna jambo ambalo sote twalijua na hakuna anayelisema. Katika shule zetu kuokota taka ni adhabu. Umechelewa? Okota karatasi uwanjani. Umepiga kelele darasani? Chukua fagio. Umeongea lugha isiyotakiwa? Kasafishe vyoo. Miaka minane ya hayo, kisha Jumatano moja mwalimu huyo huyo asimama mbele na kusema kutunza mazingira ni jambo la fahari. Mtoto si mjinga. Ameshajifunza kwamba taka ni za wenye makosa, na akitoka getini akamkuta kijana anayechambua chupa kwenye jaa ili akauze kwa kilo, humwita chokora. Kijana yule kwa asubuhi moja huokoa plastiki nyingi kuliko shule nzima kwa muhula. Mwenye kustahili kualikwa mbele ya gwaride la Ijumaa ni yeye.

Nilipata kuhudhuria siku ya usafi ya shule moja, jina naliweka kando. Watoto walivishwa fulana mpya nyeupe. Kila mmoja akapewa chupa ya maji ya plastiki. Mbele yao kulikuwa na bango refu, la plastiki pia, lililochapwa tarehe ya siku hiyo, kwa hivyo lisingeweza kutumika tena milele. Tuliteremka ufuoni, tukaokota kwa saa mbili, tukapiga picha, tukapongezana. Magunia tukayapanga vizuri kando ya barabara yangojee gari. Gari halikuja. Siku ya tatu kunguru walishayapasua, na ya nne mvua ikayasukuma mtaroni, na mtaro, kama ujuavyo, waelekea baharini. Picha bado ziko mtandaoni, na zimependwa sana.

Tulipoletewa mtaala mpya wa umilisi mwaka 2019, huu tuuitao CBC, mimi nilikuwa upande wake. Nilisema, alhamdulillahi, sasa watoto watagusa vitu. Gredi za chini zikapata Shughuli za Mazingira kama somo kamili. Lakini mzazi yeyote wa mji huu atakwambia kilichofuata. Ujumbe waingia kwenye WhatsApp saa mbili usiku: kesho kila mtoto alete chupa 2 zilizotumika, kwa somo la kutumia vitu upya. Chupa zilizotumika hazipo, kwa sababu zilishauzwa au kutiwa mafuta ya taa. Basi jirani yetu akakimbia dukani kununua soda, watoto wakanyweshwa hadi matumbo yakalia ngoma, ili chupa zipatikane tupu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyojifunza kupunguza plastiki.

Mtu ataniuliza, ni nini basi kimewahi kupunguza plastiki? Mimi nina jibu, na wewe pia ulikuwepo. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Kabla ya hapo tulikuwa tumeimbiwa nyimbo za usafi tangu chekechea, na juala zilikuwa zimetundikwa kwenye miba na nyaya kama maua. Kisha, katika muda wa wiki chache, Marikiti ilirudi kwenye vikapu na magazeti. Sheria hiyo ina matundu yake, na vifuko vya magendo bado twaviona. Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyashuhudia mtaani kwangu hayakuletwa na mtoto aliyechora bango. Yaliletwa na watu wazima kulazimishwa, kuanzia aliyetengeneza. Mbona hilo halifundishwi? Mtoto wa gredi ya 4 hawezi kuelewa kwamba mfuko ulikuwa na mwenyewe aliyeutengeneza na kuuza? Aelewa vizuri sana. Ni sisi tusiotaka aelewe.

Hapa ndipo maneno yangu yatakapokuwa makali, kwa sababu kuna mahali ambapo somo la adabu huua.

Kule Mikindani kuna mtaa waitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kikafunguliwa ukutani mwa nyumba za watu. Angalia vizuri kazi yake: kilikuwa kikichukua vitu vilivyotumika na kuvitumia upya. Ukimuuliza mwanafunzi kama hilo ni jema, angetia alama ya vema. Lakini moshi na maji ya kiwanda kile vilibeba madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hushambulia ubongo unaokua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi akaanza kudai. Alikamatwa, akashtakiwa, hakukoma. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa tuzo ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa mchukue mtoto wa Owino Uhuru wa miaka ile. Mpe darasa bora kuliko yote ya mazingira tunayotoa. Afunge mfereji. Atupe taka kwenye pipa. Apande mti siku ya mazingira, aimbe, apate alama zote. Kisha alale. Usiku ule ule risasi iko hewani, iko kwenye vumbi alilochezea, iko kwenye bati linalokinga mvua ya kunywa. Adabu yake yote haikumsaidia chochote. Kilichowasaidia ni mama mmoja aliyeuliza: hiki kiwanda kiliruhusiwa na nani?

Swali hilo moja lafundishika. Lina maneno matano tu.

Wengi wetu tulisimuliwa darasani kile kisa alichopenda kukieleza Wangari Maathai, cha ndege mdogo wa kule Amerika, mfano wa chozi wetu. Msitu washika moto, wanyama wote wamesimama wamepigwa na butwaa, na ndege yule achota maji tone kwa tone kwa mdomo wake, arudi, achote tena. Mafunzo tuliyopewa yalikuwa: kuwa kama ndege, fanya dogo lako. Kisa kizuri. Lakini kisikilize tena. Ndani yake kuna ndovu. Ndovu ana mkonga unaoweza kubeba maji kuliko midomo ya ndege elfu, naye amesimama akitazama, tena akimwambia ndege hatafika popote. Maathai hakumweka ndovu pale kwa bahati mbaya. Sisi ndio tuliomfuta.

Na mama huyo mwenyewe hakuishi kwa matone tu. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kwa miche, ndio. Lakini mwaka 1989 serikali ilipotaka kusimamisha jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, alikaa chini akaandika barua, nyingine na nyingine, hadi wafadhili wakajiondoa na jumba likafa. Januari 1999 alipigwa akavuja damu akitetea msitu wa Karura. Tuzo ya Nobel ya 2004 alipewa mtu aliyemkabili ndovu. Mtoto wa Kenya leo amjua kama bibi aliyependa miti.

Wala kumfuta ndovu hatukukuanza sisi. Huko Marekani, mwaka 1953, kampuni za vinywaji na za kutengeneza makopo na chupa zilishiriki kuanzisha shirika la Keep America Beautiful. Mwaka 1971 likatoa tangazo la televisheni la Mhindi Mwekundu akitokwa na chozi kwa kuona takataka barabarani, na ujumbe ukawa kwamba wachafuzi ni watu, na watu ndio wa kuacha. Mwigizaji mwenyewe alikuwa mzaliwa wa wazazi wa Kiitaliano. Wakati huo huo viwanda vya vinywaji vikipinga sheria za kuvilazimisha kupokea chupa zao tena. Walituuzia soda, kisha wakatuuzia na dhambi ya chupa. Twainunua mpaka leo, twawapa na watoto wetu wabebe.

Kuna rafiki yangu mwalimu, nilipomweleza haya alinitazama kwa huruma. "Kaka," akasema, "nina watoto zaidi ya hamsini darasani na muda wa nusu saa. Nikianza kuwafundisha kuuliza kiwanda kiliruhusiwa na nani, mzazi wa kwanza kupiga simu kwa mwalimu mkuu atakuwa wewe." Ana haki. Mwalimu hakuandika mtaala, hakuchagua idadi ya watoto, na akionekana mchochezi hakuna atakayemtetea. Wengine watasema udongo uwahi ungali maji, mtoto afundishwe tabia kwanza, siasa atazikuta ukubwani.

Nakubali methali, nakataa tafsiri. Udongo uwahi, ndio, lakini chombo gani wakifinyanga? Mtoto aliyefinyangwa miaka minane kuamini kwamba uchafu wa mji ni kosa lake, akifika ukubwani hazikuti siasa. Akuta uchovu. Waone vijana wa rika langu, tumekaa Mama Ngina jioni tukila viazi karai na kutazama meli, na mtu akitaja mazingira twacheka, kwa sababu twajua tuliokota na tuliimba na hakuna kilichobadilika. Ile si dharau. Ni watu waliopewa kijiko kuzima moto na wakaambiwa wasimtazame ndovu.

Na hayo nisemayo si siasa za mtaani, yako ndani ya Katiba ya 2010. Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 43 yataja maji safi, salama na ya kutosha. Ibara ya 35 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Ibara ya 70 ina jambo tamu: anayekwenda mahakamani kutetea mazingira halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mwingine yeyote ameumia. Huhitaji kungoja mtoto wako augue ndipo useme. Hata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yasema mtengenezaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Mwalimu anayefundisha haya hachochei mtu. Asoma sheria za nchi kwa sauti.

Tena mifano ya kufundishia haikosekani, na mingine iko kwenye safari zetu za kila mwaka. Watoto wa Mombasa hupelekwa Haller Park kuwatazama twiga na mamba. Waulize walichojifunza, watasema twiga ana ulimi mrefu. Hawaambiwi kwamba pale palikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa la mawe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti ya aina 26, na ni aina 3 tu zilizopona, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, mpaka akamgundua jongoo mwenye miguu myekundu, yule aitwaye treni ya Mombasa, akila majani yale. Akaleta majongoo kwa wingi. Majongoo wakatengeneza udongo, udongo ukaleta msitu, msitu ukaleta twiga. Mtoto akisimuliwa hivyo atajifunza sayansi, na pia atajifunza kwamba aliyechimba shimo anaweza kuambiwa alirudishe.

Au lile dau la Lamu, Flipflopi. Fundi Ali Skanda na wenzake walilijenga kwa tani 10 za taka za plastiki, mita 9 kwa urefu, wakalivika ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa kwenye fuo, wakalishusha majini Septemba 2018. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, likisimama njiani kukutana na wanafunzi. Somo lile halikumwambia mtoto kwamba yeye ni mchafu. Lilimwekea taka mbele yake, kubwa kama dau, akajionea ukubwa wa jambo na ustadi wa fundi wa kwao.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili wala fulana.

Kuokota taka kuondolewe kwenye orodha ya adhabu, kesho asubuhi. Shule isafishwe kwa zamu, mwalimu mkuu akiwemo.

Kila darasa lifuate kitu kimoja hadi mwisho wake kwa muhula mzima: mfuko mmoja wa taka kutoka getini hadi Mwakirunge, au mtungi mmoja wa maji kutoka Mzima hadi orofa ya tatu. Wachore ramani. Waandike ni nani aliyelipwa kila hatua.

Kijana wa mkokoteni na yule anayechambua chupa waalikwe darasani, waitwe kwa majina yao, wapewe kiti na maji ya kunywa, na watoto wawaulize. Wanajua mji huu kuliko kitabu.

Na mwisho wa muhula, kila darasa liandike barua moja. Kwa Kiswahili sanifu, yenye anwani, salamu na mada, kama mtihani unavyotaka. Iandikwe kwa ofisi halisi, iulize swali halisi, itaje Ibara ya 35. Ijibiwe isijibiwe, ibandikwe ukutani na tarehe ya kupelekwa, na chini yake paachwe nafasi ya jibu. Nafasi hiyo ikikaa wazi mwaka mzima, watoto watakuwa wamejifunza kitu kuhusu mazingira ambacho hakuna bango lingewafundisha.

Mpwa wangu alipata 5 juu ya 5 kwenye ile kazi yake. Nilimwambia aongeze njia ya 6, aandike: uliza maji yako wapi. Mwalimu aliipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba swali lilitaka tano tu.